Kusimulia Ngano kwa Ajili ya Kukuza Huruma

Chukua ngano ya Kima na Papa. Kima anamrushia papa matunda ya mkuyu kila siku, wanakuwa marafiki, papa anamwalika kwao. Katikati ya bahari anamwambia: sultani wetu anaumwa, na dawa yake ni moyo wa kima. Kima anaokoka kwa kudai kwamba moyo ameuacha mtini.

Kaeni watu 5 hadi 8. Mkizidi, wapole watanyamaza. Ita "Paukwa!", ngoja "Pakawa!" iitike sawasawa, kisha simulia kwa dakika 10 bila kusoma. Papa akishatoboa siri, nyamaza kidogo. Wengi huharibu hapa: hukimbilia ujanja wa kima kwa sababu unachekesha, na uchungu wa wale wawili unapita bila kuguswa.

Usiulize "Hadithi inatufundisha nini?" Utapewa majibu ya darasani. Uliza hivi: papa alijisikiaje akiogelea na rafiki mgongoni? Mbona alisema, wakati angeweza kunyamaza?

Kisha mtu mmoja aisimulie upya kama papa, kwa "mimi". Hii ndiyo kazi yenyewe. Akijitetea, mwache. Akikwama, muulize anaona nini, maji yana baridi kiasi gani.

Nyumbani, kila mtu aandike mistari 3 kwa sauti ya mtu aliyemkosea. Aanze na kosa dogo, kama kurukwa kwenye foleni. Jeraha bichi lisubiri. Asilazimishwe kuisoma mbele ya wenzake.