"Meet", "see" au "know": Kiingereza cha mtu mliyewahi kuonana

Mgeni uliyemtembeza Mji Mkongwe mwaka jana amerudi, mnakumbana Forodhani mbele ya meza ya urojo. Ukimwambia "Nice to meet you", umeshamwambia kwamba humkumbuki, maana "meet" ya salamu ni ya mara ya kwanza tu. Kuanzia mara ya pili ni "Nice to see you again".

Kinachotuponza zaidi ni "-me-". Sisi twasema "nimekutana naye jana" na hakuna anayeshtuka. Kiingereza hakikubali "I have met him yesterday". Ukishataja jana, juzi, 2019 au "nilipokuwa Chake Chake", "have" inaondoka: "I met him yesterday". "Have" inakaa pale siku haitajwi na unachotaka kusema ni kwamba mmeshawahi kujuana. Kwa hiyo mazungumzo hufunguliwa kwa "have", halafu yakiingia kwenye habari yenyewe huachwa: "I think we've met. You came in July. You bought cloves at Kizimbani." Ukiendelea na "you have come in July", hapo umeharibu. Kwenye swali ni vilevile: "Have you met my brother?", kisha "When did you meet him?" Si "did you met", kwa sababu "did" imeshaubeba wakati uliopita.

"Kujua" kuna mtego wake. "Namjua tangu 2019" tunaisema kwa wakati uliopo, basi wengi huandika "I know him since 2019". Sahihi ni "I've known him since 2019". Na ukikimbilia "I knew him in 2019", msikilizaji atadhani mliachana, au mwenyewe keshafariki. Kama unachotaka ni ile siku mlipojuana, sema "I met him in 2019".

Halafu hii "na" ya "kukutana na". Inatuvuta tuseme "I met with my friend", na "met with" inanuka kikao: meneja, mwanasheria, watu wa ofisini. Rafiki ni "I met my friend". Mkigongana tu Darajani bila ya miadi, "I ran into him at Darajani". "Nilimkuta Darajani" usiigeuze "I found him", itaeleweka ulikuwa ukimtafuta.

"Had met" haihitajiki sana. Itumie yakiwepo mambo mawili yaliyopita na unataka kuonyesha lililotangulia: "I recognised her at the port because we had met in Nungwi."

Mwisho, matamshi. Katika "we've met" ile "v" usiimeze. Ikipotea, mgeni atasikia "we met" na atabaki anasubiri umwambie lini na wapi.