Namna ya Kuilinda Kura Katika Visiwa vya Lamu

Uchaguzi mkuu wa Kenya unatarajiwa Jumanne, tarehe 10 Agosti 2027, na mtu anayetaka kura yake ihesabiwe kama alivyoipiga hana sababu ya kungoja mwezi huo ndipo aanze kuhangaika. Haki ya kura hupotea mapema, na aghalabu bila kelele: jina halimo daftarini, kitambulisho kimo mikononi mwa mtu mwingine, kituo kimehamishwa na wanakijiji hawakuarifiwa. Ibara ya 83 ya Katiba inaagiza kwamba mipango ya kuandikisha wapigakura na kuendesha uchaguzi imrahisishie raia anayestahiki, wala isimnyime haki yake. Atakayedai lolote kati ya mambo yanayofuata anadai alichopewa na sheria, haombi hisani.

Jambo la kwanza ni kitambulisho. Wabajuni wa Faza na Kiunga, pamoja na Waboni wa Basuba, wamehojiwa kwa miaka mingi kuhusu uraia wao zaidi ya Wakenya wa sehemu nyingine, na ucheleweshaji huo umewanyima vijana wengi nafasi ya kujiandikisha. Kijana aliyetimiza miaka 18 aombe kitambulisho mara moja, kwa sababu karani wa Tume Huru ya Uchaguzi na Mipaka huandikisha kwa kitambulisho chenyewe au pasipoti, si kwa karatasi ya kungojea. Akishakipata asikiweke rehani dukani wala asimkabidhi mtu yeyote anayepita nyumba kwa nyumba akikusanya vitambulisho kwa ahadi ya msaada. Asiyekuwa na kitambulisho siku ya uchaguzi hurudishwa nyumbani, na wanaovikusanya wanalijua hilo vizuri.

Kisha likaguliwe daftari. Tume inapolifungua kwa ukaguzi, kila mtu ahakikishe tahajia ya jina lake, tarakimu za kitambulisho na jina la kituo, na watoto wawasaidie wazazi wasioweza kutembea hadi kituoni. Aliyefiwa aandikishe kifo na kurudisha kitambulisho cha marehemu. Ukaguzi wa daftari uliofanywa na kampuni ya KPMG mwaka 2022 ulikuta majina ya marehemu zaidi ya 240,000, na jina la maiti likibaki daftarini ni mlango uliosahauliwa wazi.

Safari ya kwenda kituoni inastahili kupangwa kwa makini kuliko bara. Mwezi wa Agosti kusi bado huvuma, bahari huchafuka, na njia ya Mkanda, mlango mwembamba wa bahari kati ya kisiwa cha Manda na bara, haipitiki vyema mpaka maji yajae. Vituo hufunguliwa saa kumi na mbili asubuhi na kufungwa saa kumi na moja jioni, na aliye kwenye foleni saa hiyo ana haki ya kupiga kura hata giza likiingia. Basi aliyejiandikisha Kizingitini, kisiwani Pate, huku akifanya kazi Mokowe au Malindi asafiri siku moja kabla. Ni afadhali wanakijiji wachange nauli ya mashua wao wenyewe kuliko kupanda mashua ya mgombea, kwani mwenye chombo ndiye anayeamua ni nani apande na ni nani aachwe gatini. Kwa vijiji vya msitu wa Boni, ambako usalama unaweza kusababisha kituo kuhamishwa, wazee waiombe tume taarifa ya maandishi juu ya mahali kituo kitakapokuwa. Ujumbe wa simu unaosambazwa usiku wa kuamkia uchaguzi, kwamba kituo kimebadilishwa au siku imesogezwa, usiaminiwe wala usipelekwe kwa mwingine kabla ya kuulizwa ofisi ya tume.

Ndani ya kituo, anayehitaji ulinzi zaidi ni bi mkubwa asiyejua kusoma au asiyeona vizuri. Kanuni zinamruhusu kuingia na msaidizi anayemtaka mwenyewe, aliyetimiza miaka 18, asiyekuwa mgombea wala wakala, yaani mwakilishi wa mgombea au chama kituoni. Msaidizi huyo anaweza kumsaidia mpigakura mmoja tu. Kijana anayesimama mlangoni na kujitolea kuwasaidia akina bibi mmoja baada ya mwingine anavunja sheria, na yeyote aliye kwenye foleni ana haki ya kumweleza hilo msimamizi wa kituo. Bibi asiye na mtu husaidiwa na msimamizi mwenyewe mbele ya mawakala. Na mtu akitakiwa alete picha ya kura aliyoitia alama ili alipwe, akatae: picha hiyo ndiyo risiti ya mnunuzi wa kura.

Ulinzi mkubwa kuliko wote umo katika karatasi. Ibara ya 86 inataka kura zihesabiwe na matokeo yatangazwe papo hapo kituoni, na kwa urais matokeo hayo huandikwa katika Fomu 34A, ambayo mawakala hupewa nakala yake na nyingine hubandikwa hadharani. Wakala mzuri huandika nambari za lakiri za sanduku asubuhi, hutazama kila kura inapoinuliwa na kusomwa, na hatii sahihi kabla ya kujumlisha mwenyewe. Kura halali zikiongezwa kwa zilizokataliwa haziwezi kuzidi idadi ya waliotambuliwa kituoni siku hiyo, seuze idadi ya walioandikishwa. Akiona kasoro aeleze pingamizi lake kwa maandishi, maana kususia sahihi peke yake hakubatilishi matokeo.

Raia asiye wakala hana ruhusa ya kuingia kwenye hesabu, lakini fomu iliyobandikwa ni yake. Aipige picha pembe zote nne zionekane, pamoja na muhuri, sahihi na jina la msimamizi, na picha hiyo ihifadhiwe katika simu mbili. Tarehe 1 Septemba 2017 Mahakama ya Juu iliubatilisha uchaguzi wa urais, na miongoni mwa sababu zake ni matokeo yaliyopeperushwa bila fomu za kuyathibitisha. Mwaka 2022 tume iliziweka Fomu 34A katika tovuti yake, zikawa wazi kwa kila mtu. Kwa hiyo mtu wa Siyu aliyepiga picha ya fomu ya kwao anaweza kuilinganisha, tarakimu kwa tarakimu, na ile iliyofika Nairobi. Fomu isipobandikwa, aandike saa, jina la kituo na majina ya mashahidi, kisha awaarifu waangalizi na mawakala, wala asizuie mashua iliyobeba masanduku, kwani ghasia ndizo hutoa kisingizio cha kuvuruga kila kitu.

Tarakimu zikitofautiana, muda ni mfupi. Kesi ya urais hufunguliwa katika Mahakama ya Juu ndani ya siku 7 tangu mshindi kutangazwa. Kesi za gavana, seneta na mbunge hupelekwa Mahakama Kuu, na ya mwakilishi wadi kwa hakimu, ndani ya siku 28. Mwenye picha na maandishi yake amwone wakili au wakala wa mgombea wiki hiyo hiyo, aape kiapo cha maandishi juu ya alichokiona kwa macho yake, na asiongeze alichosimuliwa.