Seva ngapi za RADIUS zinatosha? Piga hesabu ya umeme ukirudi

Wengi wakipanga seva za RADIUS, yaani zile za kuthibitisha watu wanaoingia kwenye netiweki, wanahesabu wafanyakazi na vifaa, basi. Wakuu, hiyo haitoshi. Kifaa kikishaingia asubuhi seva haina tena kazi kubwa nacho, kimbembe ni vyote vikija kwa mpigo.

Na vinakuja kwa mpigo umeme ukirudi. Swichi zinawaka, waifai inawaka, simu na laptopu zote zinaomba kuingia muda huohuo. Chukua chuo chenye vifaa 3,000, gawa kwa sekunde 60, hayo ni maombi 50 kwa sekunde, na ukitumia EAP-TLS, yaani kuingia kwa cheti cha kidijitali badala ya pasiwedi, ombi moja sio pakiti moja, kuna kujibizana kama mara kumi hivi ndo kifaa kikubaliwe.

Sasa pima seva moja inabeba ngapi. Kwa FreeRADIUS, programu huria ya RADIUS, tumia eapol_test, kifaa cha majaribio kinachojifanya mtu anayeingia, rusha maombi mengi kwa pamoja, ongeza taratibu mpaka majibu yaanze kuchelewa. Tuseme imegota maombi 40 kwa sekunde. Moja haitoshi, mbili zinatosha, ya tatu ya akiba. Halafu mashine pepe tatu juu ya kompyuta moja usizihesabu tatu, hiyo ikizima zimeondoka zote.

Kugawa mzigo: seva ziite A, B na C, jengo la kwanza lianze na A kisha B, la pili B kisha C, la tatu C kisha A. A ikifa, B inabeba majengo mawili, maombi kama 33, bado iko chini ya 40. Ukitumia kigawa mzigo hakikisha kifaa kimoja kinamalizana na seva ileile, kikirushwarushwa EAP, yaani yale majibizano ya kuingia, inakatika.

Ila mara nyingi RADIUS haina neno kabisa, anayechelewesha yuko nyuma yake. Kwa PEAP, yaani kuingia kwa pasiwedi, kila pasiwedi inaenda kuulizwa Active Directory, orodha ya Microsoft ya watumiaji wa ofisi, huko kukiwa kuzito RADIUS inasubiri, waifai inachoka inatuma tena ombi lilelile, foleni inazidi, na hapo hata uongeze RADIUS kumi unaongeza wanaosubiri tu. Rekodi za nani kaingia saa ngapi nazo zisiandikwe kwenye hifadhidata ya MySQL moja kwa moja, ziende kwenye faili kwanza zihamishwe polepole.

Na seva zote, pamoja na hiyo Active Directory, ziwe kwenye UPS, betri ya akiba, maana swichi zikiamka kabla yake watu watapigwa chini wote hata kama hesabu yako ilikuwa sawa.