Kuchagua seti ya mipangilio kwenye kidhibiti cha mashine

Kidhibiti cha joto au cha mota huhifadhi seti kadhaa za mipangilio: joto linalotakiwa, kasi, viwango vya kengele, thamani za PID (namba zinazoamua kidhibiti kirekebishe kwa nguvu gani). Kabla ya kugusa waya, tafuta kwenye menyu kipengele kinachoamua amri ya kuchagua seti itoke wapi: kwenye paneli, kwenye maingizo ya kidijitali (terminali zinazosoma kuwaka au kuzima tu) au kwenye mtandao. Kikiachwa kwenye paneli, utabonyeza swichi za nje mpaka uchoke na hakuna kitakachobadilika.

Maingizo matatu yanatosha seti 8. La kwanza lina thamani ya 1, la pili 2, la tatu 4, na kidhibiti hujumlisha yaliyowaka. La kwanza na la tatu yakiwaka pamoja, unapata 5. Soma mwongozo wa kifaa chako, maana kuna vinavyoanza kuhesabu seti kwenye 0 na vinavyoanza kwenye 1.

Hali ya sifuri, maingizo yote yakiwa yamezimwa, ndiyo ya kufikiriwa zaidi. Waya wa pamoja ukikatika au fyuzi ya volti 24 ikiungua, maingizo yote husomeka yamezimwa, na seti ya sifuri ndiyo inayoshika usukani. Basi weka humo joto la chini na kasi ndogo, hata kama seti inayotumika kila siku ingependeza kukaa mwanzoni.

Tatizo la pili ni wakati wa kuhama. Kutoka 3 kwenda 4, maingizo yote matatu hubadilika, na rilei (swichi za umeme zinazoyawasha) hazifungi kwa wakati mmoja. Kwa milisekunde chache kidhibiti kinaweza kusoma 0 au 7 na kuitii. Weka muda wa kuchuja unaozidi uchelewaji wa rilei. Milisekunde 50 kwa kawaida hutosha. Au panga hatua za kazi kwa mfuatano wa 0, 1, 3, 2, 6, 7, 5, 4, ambao kila mara hubadilisha ingizo moja tu.

Seti ikirukaruka bila mtu kugusa kitu, pima volti kwenye terminali zenyewe. Kwa maingizo ya volti 24 ya aina ya 1 katika kiwango cha kimataifa cha vidhibiti, IEC 61131-2, volti 15 na zaidi ni kuwaka, chini ya 5 ni kuzima. Ukikuta 10, kagua viungo na umeme unaovuja.

Seti za PID zikichaguliwa kwa joto lililopimwa, usitumie mpaka mmoja. Kwa mfano, hamia seti ya juu joto likifika nyuzi 205, rudi ya chini likishuka hadi 195, la sivyo zitabadilishana bila kukoma.

Ukituma seti kwa mtandao, andika kwenye RAM (kumbukumbu ya muda), si EEPROM (kumbukumbu ya kudumu), ambayo huchakaa kwa kuandikwa. EEPROM nyingi huhakikishiwa kuandikwa mara 100,000. Ukiandika kila sekunde, idadi hiyo inatimia kabla ya saa 28 kwisha.