Mtandao Ukisumbua Kijijini: Pima Kwanza, Nunua Baadaye

Natengeneza simu na kufunga rauta huku Kasese, magharibi mwa Uganda, kuanzia Bwera mpakani mwa Kongo hadi vijiji vya juu mlimani. Mteja akifika, neno la kwanza ni "fundi, mtandao hakuna," na la pili ni "antena bei gani?" Mara nyingi antena hata haihitajiki. Mtandao mbovu ni magonjwa mawili tofauti: kuna mawimbi yasiyokufikia, na kuna mawimbi yanayokufikia vizuri lakini data inatambaa. Dawa ya la kwanza haitibu la pili, kwa hiyo fuata hatua hizi kwa mpangilio na usitoe hela kabla ya kufika ya 6.

Hatua ya 1: Tafuta namba, achana na vijiti

Vijiti vya netiweki havina kipimo kimoja. Kila mtengenezaji wa simu anavipanga anavyotaka, ndiyo maana simu mbili zilizolazwa meza moja, laini za kampuni moja, moja inaonyesha vitatu na nyingine kimoja. Unachotaka ni dBm, yaani kipimo cha nguvu ya mawimbi. Kwenye Android ingia Mipangilio, Kuhusu simu, halafu Hali ya laini. Simu nyingi zinafungua pia ukurasa wa vipimo ukibonyeza *#*#4636#*#*. Kwa iPhone, bonyeza *3001#12345#* kisha piga.

Namba ina alama ya kutoa, kwa hiyo -90 ni nzuri kuliko -110. Kwa 4G, -85 kwenda juu huna sababu ya kulalamika. -100 bado unafanya kazi. -110 shida imeanza. Ikikaribia -120 hesabu kwamba hakuna kitu. Ukipata nafuu ya 3 tu, nguvu imeongezeka maradufu, na nafuu ya 10 ni mara kumi, kwa hiyo usidharau tofauti ndogo. Usilinganishe namba ya 3G na ya 4G, hazipimwi kwa namna moja.

Hatua ya 2: Jua ni ugonjwa gani

Pima kasi saa kumi na moja alfajiri, watu wakiwa wamelala, kisha upime tena saa mbili usiku ukiwa umekaa palepale. Kama dBm ni ileile lakini kasi ya usiku imekufa, mnara umezidiwa na watu. Hapo hata ukipandisha antena juu ya mwembe hutapata kitu. Pakua vitu vyako alfajiri, au jaribu laini ya kampuni nyingine, maana mnara wao huenda una watu wachache. Kama dBm yenyewe ni mbaya saa zote, dawa yako inaanzia hatua ya 4, lakini pitia kwanza hatua ya 3, maana hiyo ni ya wote.

Hatua ya 3: Kagua simu yenyewe

Anza na VPN, programu ya kufungulia tovuti zilizozuiwa. Facebook ilifungwa nchini Januari 2021 wakati wa uchaguzi, na tangu hapo watu wengi wanawasha VPN na kuisahau. Ikiwa imewashwa, kila kitu unachofungua, hata ujumbe wa WhatsApp kwa jirani, kinazunguka kwanza kwenye kompyuta iliyo nchi nyingine ndipo kirudi. VPN za bure ndizo mbaya zaidi, zimejaa watu. Izime, pima kasi tena. Kuna wateja wanaoondoka dukani hapohapo bila kununua chochote.

Kisha zuia WhatsApp isipakue video yenyewe, na duka la programu lisisasishe vitu kwa data. Bando letu lina ushuru wa asilimia 12 tangu Julai 2021. Hakuna sababu ya kuulipia kwa video za kundi la harusi.

Angalia pia laini. Kama ni ya zamani sana, inaweza kukataa kuingia 4G hata simu ikiwa mpya. Nenda na kitambulisho chako kwenye duka la kampuni wakubadilishie, namba inabaki ileile. Na kwa simu za laini mbili, hasa za zamani, tundu la pili mara nyingine linaishia 2G. Hamisha laini ya data iende tundu la kwanza.

Hatua ya 4: Kama uko mpakani, chagua mtandao kwa mkono

Hii inasumbua sana Bwera na Mpondwe, na miongozo ya Kampala haiigusi. Simu iliyoachwa ijichagulie inapendelea mtandao wa nyumbani, lakini ukipotea kidogo tu inarukia mnara wa ng'ambo, halafu inachelewa kurudi. Unakaa na vijiti vimejaa, data haipiti.

Dalili rahisi ni saa. Uganda tuko saa moja mbele ya mashariki ya Kongo, Rwanda na Sudan Kusini. Ukiona saa ya simu imerudi nyuma kwa saa moja bila wewe kuigusa, simu imeshavuka mpaka ingawa wewe hujainuka kwenye kiti. Mwalimu mmoja alikuja akidai simu yake ina betri mbovu ya saa. Nikamwambia, "Mwalimu, soma jina la mtandao hapo juu." Lilikuwa la Kongo. Watu wa Busia na Malaba dalili hiyo haitawasaidia, kwa sababu saa yetu na ya Kenya ni moja. Wao wasome jina tu.

Ingia Mipangilio, Mtandao, Laini, kisha Chagua mtandao. Zima uchaguzi wa moja kwa moja, subiri orodha itokee, chagua kampuni yako ya Uganda. Zima na data ya nje ya nchi. Siku ukisafiri kweli nje, kumbuka kuirudisha, la sivyo simu itakaa bubu.

Hatua ya 5: Hama, pandisha, toka chini ya bati

Bati ni adui. Shika simu katikati ya nyumba ya mabati, soma namba, kisha toka barazani: kwenye duka la kahawa nililofungia rauta, ndani ilikuwa -114, mlangoni -103. Mwenye duka alikuwa tayari kununua antena. Tulihamishia rauta dirishani basi. Shamba nene la migomba, hasa baada ya mvua, nalo linakula mawimbi.

Zunguka nyumba polepole, simama kila kona mpaka namba itulie. Ukipata pazuri, iweke simu pale iwe hotspot, nawe ukae ndani na simu nyingine. Isipigwe jua moja kwa moja, itazima kwa joto. Kama kuna kilima kati yako na mnara, hatua mia moja pembeni zinaweza kufanya kazi kuliko kifaa chochote.

Kwa pesa za simu, usihangaike na data kabisa. *165# ya MTN na *185# ya Airtel zinapita hata kwenye 2G, kwa hiyo wakala afadhali awe na simu ya tochi kando.

Hatua ya 6: Sasa antena

Kama nje na juu unapata nafuu lakini ndani hamna, antena ina maana. Nunua rauta yenye matundu ya antena, na antena ya kuelekeza upande mmoja inayokubali masafa ya kampuni yako. Waya mwembamba mrefu unameza faida yote. Mimi napenda kupandisha rauta yenyewe juu ya mlingoti, ndani ya boksi lisiloingiza maji, kisha nashusha kebo ya intaneti, ambayo inafika mita 100 bila shida.

Geuza antena kidogo kidogo, kila mara subiri kama nusu dakika. Mlingoti uufunge waya wa ardhi kwa ajili ya radi, na mvua ya ngurumo ikianza chomoa kila kitu.

Vile vikuza mawimbi vya mitaani visivyoidhinishwa na UCC, tume ya mawasiliano ya Uganda, usivifunge. Vinaweza kuvuruga mnara kwa kijiji kizima. Na stika za kubandika nyuma ya betri ni takataka.

Hatua ya 7: Lalamika kwa vipimo

Mnara unaozimika kila umeme ukikatika, au unaokufa usiku na kufufuka jua likipanda, una shida ya betri, na hilo huwezi kulitengeneza wewe. Piga 100, huduma kwa wateja ya kampuni yako, lakini usiseme "mtandao mbovu." Sema jina la kijiji na kata ndogo, saa unapokatika na unaporudi, dBm, na namba ya seli (Cell ID, inayotambulisha mnara ulioshikwa na simu) iliyo kwenye ukurasa wa vipimo. Majirani nao wapige, kila mmoja kwa laini yake. Omba namba ya lalamiko na uiandike, maana ukilazimika kwenda UCC baadaye utahitaji kuonyesha kwamba kampuni uliiambia kwanza.