Namna ya kufuata njia ya Jessi Colter ukiwa mwimbaji wa kike Tabora

Jessi Colter ni mwanamke aliyehesabiwa miongoni mwa waasi wa muziki wa kantri nchini Marekani katika miaka ya 1970, na mwimbaji wa hapa Tabora anayetaka kula jasho la nyimbo zake mwenyewe ana mengi ya kuchukua kwake. Jina la uasi lisikupoteze. Walichogomea ni utaratibu wa Nashville, mji ulio kitovu cha muziki wa kantri, ambako kampuni ya santuri ndiyo iliyomchagulia mwimbaji nyimbo, wapigaji na hata studio. Kwa hiyo uasi wao ulikuwa katika mkataba zaidi kuliko katika kofia na mabuti.

Anza na chombo. Colter, aliyezaliwa Phoenix mwaka 1943 kwa jina la Mirriam Johnson, alipiga piano kanisani tangu utotoni, mama yake akiwa mhubiri. Ikiwa kwaya yenu ina kinanda, omba ukae nacho nusu saa baada ya mazoezi, kwa sababu mwimbaji asiyejua ufunguo wa wimbo wake, yaani sauti ya msingi unakoanzia na kurudia, hupangiwa na yeyote aliyeko studio.

Kisha tunga mwenyewe, na hapa usiwe na haraka. Albamu yake ya kwanza ilitoka mwaka 1970 bila kishindo, na ni mwaka 1975 ndipo "I'm Not Lisa", wimbo alioutunga mwenyewe kuhusu mwanamke anayeitwa kwa jina la mpenzi wa zamani wa mwanamume wake, uliposhika namba 1 katika chati ya kantri na namba 4 katika chati ya jumla. Jambo dogo la nyumbani lilitosha. Andika beti zako katika daftari lenye tarehe, urekodi kwa simu usiku bodaboda zikishapungua, hata kama jogoo wa jirani atawika katikati ya kiitikio.

Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 inakulinda tangu unapoutunga wimbo, kwa maisha yako yote na miaka 50 baada yake. Hata hivyo, usajili wimbo COSOTA, ofisi ya hakimiliki ya Tanzania, ili uwe na ushahidi. Mimi niliwahi kuimbia watu kiitikio nikalipwa soda na nauli, na wimbo ulipoanza kupigwa redioni sikuwa na karatasi hata moja ya kuonyesha. Kwa hiyo mgawanyo wa mapato uandikwe na kutiwa saini kabla hujavaa hedifoni.

Jina la jukwaani ulichague wewe. Colter aliolewa na Waylon Jennings mwaka 1969, lakini hakuimba kwa jina la mumewe. Na katika albamu ya pamoja ya mwaka 1976, iliyokuwa ya kwanza ya kantri kutunukiwa cheti cha nakala milioni moja, alisimama kwa jina lake kando ya Jennings, Willie Nelson na Tompall Glaser, akiwa mwanamke pekee.

Mwisho, dai faili za sauti kabla hazijachanganywa, uzihifadhi mahali pawili. Colter alirudi na albamu mpya mwaka 2006, miaka minne baada ya kufiwa na mumewe. Nawe ukirudi baada ya kulea watoto, huenda studio uliyorekodia imekwisha kugeuzwa duka la vipuri.