Kabla hujamlipa wakili wa kesi ya kiwanja

Mtu akikufuata kwenye korido ya Baraza la Ardhi na Nyumba akakwambia, "Dada, kesi yako naijua, toa laki tatu tuanze," usimpe hata mia. Nasema kwa uchungu kwa sababu mimi nilitoa. Alikuwa na suti nyeusi na mhuri, maneno yanamtoka kama maji. Miezi saba baadaye upande wa pili ukaweka pingamizi kwamba aliyeandaa maombi yangu si wakili. Shauri likaondolewa, nikaanza upya, na pesa yangu sikuiona tena. Hao ndio vishoka.

Kumtambua kishoka ni kazi ya dakika tano. Shahada ya sheria peke yake haimfanyi mtu kuwa wakili. Wakili ameapishwa, jina lake liko kwenye orodha ya mawakili, na leseni yake anaihuisha kila mwaka. Mwombe majina kamili, ingia kwenye mfumo wa e-Wakili wa Mahakama ya Tanzania, mtafute, uone kama leseni ya mwaka huu iko hai. Usimwonee haya. Wakili wa kweli hachukii kuulizwa hilo.

Halafu angalia kazi anayoifanya kila siku. Aliyezoea mikataba ya makampuni anaweza kuwa hodari sana na bado asikufae kwenye mgogoro wa ardhi. Mimi huuliza: mara ya mwisho umesimama Baraza la Ardhi lini, na shauri liliishaje?

Ila kilichonifungua macho ni wakili wangu wa pili, dada mmoja mwenye ofisi ndogo juu ya duka la dawa, hapa Morogoro. Karibu nusu saa hakutaja bei. Alichukua hati yangu ya mauziano, akaisoma, akaigeuza nyuma, akarudi mbele na kuweka kidole kwenye sahihi ya muuzaji.

"Huyu baba ana mke?"

"Anaye."

"Walikuwa wanaishi humo?"

"Ndiyo, kwenye kile kibanda cha vyumba viwili."

"Basi mbona mama hajasaini?"

Nikakosa jibu. Akanieleza kwamba Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 hairuhusu mwenza mmoja kuuza nyumba ya ndoa bila ridhaa ya mwenzake, na hapo ndipo watakapotubana. Kisha akauliza tarehe: nilinunua lini, yule mnunuzi wa pili ninayegombania naye kiwanja aliingia lini, kwa kuwa kudai ardhi kuna ukomo wa miaka 12. Yule wa suti hakuwahi kuniuliza tarehe hata moja, alisema tu tumeshashinda. Mtafute anayekuonyesha udhaifu wa kesi yako siku ya kwanza.

Bei iandikwe: kiasi gani, kwa awamu zipi, na kama ada ya kufungua shauri na nauli zimo au ni juu yako. Dai risiti. Uliza nani hasa atasimama siku ya kusikilizwa, na kama ofisi yao imewahi kumfanyia kazi huyo mnayeshtakiana naye. Baraza la kata usilipie wakili kabisa. Tangu mabadiliko ya sheria ya 2021 pale ni usuluhishi tu, na wakili haruhusiwi kukuwakilisha.

Kama huna uwezo, kuna Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2017. Anzia ofisi ya maendeleo ya jamii kwenye halmashauri yako, uwaulizie wasaidizi wa kisheria.

Na hati halisi usiiache ofisini kwa mtu. Peleka vivuli. Ikihitajika kuonyeshwa barazani, ibebe mwenyewe siku hiyo. Yangu inakaa kwenye sanduku la bati chini ya kitanda, pamoja na nakala ya kila karatasi iliyogongwa mhuri wa Baraza.